Barua ya wazi kutoka Mufindi: toboeni ardhi chini ya uwanja wa nguzo, kisha mtuonyeshe majibu

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya maji, mazingira na afya, Wilaya ya Mufindi na Mkoa wa Iringa

Waheshimiwa, kamwene.

Nimechimba visima kwa miaka 19. Nilianza kama kibarua wa kubeba rodi na kuzoa tope, nikamaliza nikiwa msimamizi wa rigi, ile mashine ya kutoboa. Katika miaka hiyo nimetoboa ardhi ya Makambako, ya Kalenga na ya Isimani, mahali penye maji tele na mahali ambapo unafika mita 100 bado unatoa vumbi. Siku hizi nimeachana na mashine, nalima vinyungu vyangu, bustani za bondeni, nje kidogo ya mji wa Mafinga. Nawaandikia hadharani kwa sababu barua zetu mbili za mwanzo, zilizopita ofisi ya kijiji zikagongwa mihuri yote, zilijibiwa kwa neno moja ambalo nimeshindwa kulikubali. Neno hilo ni "salama".

Ombi langu ni moja. Ardhi iliyo chini ya uwanja wa kutia dawa nguzo za umeme, pale juu ya bonde letu, itobolewe kwa utaratibu, udongo na maji ya chini yapimwe sumu ile hasa tunayoihofia, aseniki iliyomo kwenye dawa hiyo, na majibu tuyaone. Mwenye uwanja simtaji jina. Sina ushahidi wa kumshtaki mtu, na huo ushahidi ndio ninaoomba utafutwe.

Kwa ambaye hajaiona kazi ile: magogo ya milingoti, yaani mikaratusi, yakishamenywa magome na kukauka hupangwa kwenye vitoroli, yakasukumwa ndani ya mtungi wa chuma mrefu kama basi, mlango ukafungwa. Kwanza hewa hunyonywa itoke kwenye vinyweleo vya mti, ndipo dawa huingizwa kwa shinikizo kubwa mpaka ipenye ndani. Nguzo hutoka zimelowa, zina rangi ya kijani, na zinadondosha.

Lebo ya dawa yenyewe nimeisoma kwa macho yangu, maana dumu lake nililikuta uani kwa jirani. Alilinunua langoni kwa bei ya kutupa, akalisugua kwa mchanga na sabuni, akalijaza maji ya kisima. Lebo ilikuwa imechanika nusu, lakini fuvu la kichwa lilionekana, na chini yake majina matatu ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni shaba, kromi na aseniki. Nikamwambia, "Mama, hili si dumu la maji." Akaniuliza, "Sasa baba, kama si la maji, mbona wanatuuzia?" Nilikosa la kumjibu. Tulilimwaga pamoja, na nikampa ndoo zangu mbili.

Katika dawa hiyo shaba huua ukungu, aseniki huua mchwa, na kromi ndiyo inayozifunga hizo mbili ndani ya mti zisitoke tena. Ila kazi ya kufunga haiishi ndani ya mtungi. Huendelea nje kwa siku kadhaa, na hutegemea joto: palipo na joto humalizika upesi, palipo na baridi huchukua hata wiki. Nanyi mnaijua Mafinga ya mwezi wa saba, asubuhi nyasi za bondeni zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Kabla dawa haijashika, kromi bado iko katika hali yake ya sumu kali inayoyeyuka kwenye maji, na mvua ikinyesha juu ya nguzo mbichi huosha vyote vitatu. Ndiyo maana kiwanda kinachofuata taratibu huzilaza nguzo mpya kwenye sakafu ya zege, chini ya paa, yenye mfereji wa kurudisha matone kwenye tangi. Kwetu sakafu ipo. Lakini nguzo zikizidi, na tangu umeme wa vijijini uanze kusambazwa kwa kasi zinazidi mara nyingi, hupangwa nje ya sakafu, juu ya udongo mtupu.

Machi iliyopita nilisimama kwenye uzio baada ya mvua ya saa kumi jioni. Kulikuwa na vidimbwi katikati ya safu za nguzo, na maji yake yalikuwa kama yaliyolowekwa majani ya chai mabichi. Mkondo mwembamba ulitoka chini ya seng'enge, ukavuka njia ya ng'ombe, ukateremka kwenye mfereji ambao ukiufuata hatua 300 unafika kwenye vinyungu. Pale kuna mboga, kuna mahindi ya kuchoma, kuna viazi, na kuna visima vitano vya kuchimba kwa jembe, vya mita nne hadi sita, ambavyo kaya zetu huchota pampu ya kijiji inapoharibika. Bonde hilo huingiza maji Ruaha Mdogo, mto unaowanywesha watu wa Iringa mjini. Kwa hiyo jambo hili lisionekane kuwa la wakulima wachache wenye malalamiko.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha aseniki kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Pigeni hesabu. Gramu 1 tu inatosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji lita 100,000, yaani maboza 10 ya lita 10,000 kila moja. Na katika mchanganyiko wa dawa hii unaotumika zaidi duniani, oksidi ya aseniki ni asilimia 34 ya uzito. Haina ladha, haina harufu, haina rangi. Ukichemsha maji haitoki. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Anayeinywa kidogo kidogo kwa miaka hatajisikia vibaya kesho wala mwezi ujao. Baadaye ndipo ngozi inapotoa madoa, viganja na nyayo zinapokuwa ngumu zenye vinundu, na baadaye zaidi huja saratani ya ngozi, ya kibofu, ya mapafu.

Sasa nieleze lile neno "salama" lilivyopatikana.

Walikuja watu wawili kwa gari, wapole, wakasalimia vizuri. Wakaomba waonyeshwe chanzo cha maji, wakapelekwa kwenye bomba la kisima kirefu cha kijiji. Wakakinga maji kwenye chupa ya nusu lita, ile ya maji ya dukani, wakaifunga, wakaondoka. Haikuchukua dakika 10. Kisima hicho nakijua kwa sababu nilikuwepo kinachimbwa. Kina mita 92. Mita 38 za juu zimezibwa kwa kesingi, bomba la kuvisha kisima, isiyo na matundu, na maji yake hutoka kwenye nyufa za mwamba huko chini. Kupima bomba lile ili ujue hali ya maji ya juu juu bondeni ni kumpima babu damu ili ujue ugonjwa wa mjukuu.

Karatasi ya majibu ilifika baada ya wiki sita. Ina mistari saba: rangi, harufu, tope, uchachu, chumvichumvi, nitreti, vijidudu vya kinyesi. Kila mstari umewekewa alama ya vema. Aseniki haimo. Kromi haimo. Shaba haimo. Hakuna mahali panaposema imepimwa ikakosekana, haikupimwa kabisa. Chini wameandika kwamba maji ni salama kwa matumizi ya binadamu, kwa wino wa bluu, na sahihi.

Yaliwahi kutokea makubwa kwa namna hiyohiyo. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, watu waliachishwa maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara, wakachimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni. Maji yalipimwa vijidudu, yakaonekana safi. Aseniki haikupimwa kwa sababu hakuna aliyefikiria kuiuliza, nayo ilikuwemo, ya asili, kwenye mchanga wa chini. Iligunduliwa mwaka 1993, wakati makumi ya mamilioni ya watu wameshainywa. Baada ya hapo ndipo visima vikaanza kupakwa rangi, chekundu usinywe, kijani kunywa. Waliopima hawakuwa watu wabaya. Walipima kitu kingine.

Kwa hiyo naomba nieleze kazi inavyotakiwa kufanyika, maana hapa ndipo nina la kuwaambia lililotoka mikononi mwangu.

Tuanze na udongo, maana hapo ndipo hadithi yote ilipoandikwa. Udongo wetu mwekundu una chuma nyingi, na chuma ya namna hiyo hushika aseniki, ikaizuia isishuke haraka. Hiyo ni rehema. Lakini udongo una kipimo cha kubeba kama gunia lilivyo na kipimo, na kromi ile inayoyeyuka haishikiki vizuri namna hiyo. Tena, ukishafika bondeni kwenye vinyungu, ardhi si nyekundu tena. Ni nyeusi, imelowa mwaka mzima, haina hewa. Kwenye udongo wa hivyo chuma huyeyuka, na kilichokuwa kimeshikwa huachiwa kiingie kwenye maji. Juu ya hapo sisi wenyewe tunamwaga mbolea ya kupandia yenye fosfeti, na fosfeti huisukuma aseniki ikakalia nafasi yake. Ndiyo maana nasema asije mtu akachota udongo wa juu pale getini, akakuta kiasi kidogo, akafunga faili. Bonde ndilo la kutobolewa kwa umakini kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kwa udongo haihitajiki rigi kubwa. Keekee ya kuzungusha kwa mkono inafika mita tatu au nne bila shida, na watu wawili wenye nguvu wanatoboa mashimo kadhaa kwa siku. Sampuli ichukuliwe kina kwa kina: sentimita 20, nusu mita, mita 1, mita 2, na kuendelea mpaka maji. Kila kina mfuko wake, kila mfuko jina lake, saa yake na sahihi ya aliyeuchukua. Keekee ioshwe kati ya shimo na shimo, la sivyo tope la shimo chafu linaingia kwenye safi na majibu yote yanakuwa uongo. Kwa sababu hiyohiyo kazi ianzie juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo nguzo haijawahi kulazwa. Aseniki kidogo ya asili ipo kwenye ardhi karibu kila mahali, na bila kujua cha asili ni kiasi gani, mwenye uwanja atasema yote ni ya Mungu, nasi tutasema yote ni yake, na hakuna atakayeweza kuamua.

Kwa maji ya chini tunahitaji visima vya uchunguzi, na visipungue vitatu, vikae pembetatu. Ukipima usawa wa uso wa maji kwenye vitatu, kwa kuanzia alama moja, ndipo unajua maji yanaelekea wapi. Kuangalia mteremko wa juu hakutoshi. Nimewahi kuona maji ya chini yakienda upande ambao timu nzima haikuutegemea, kwa sababu mwamba uliokuwa chini uliyapindisha.

Na visichimbwe kama tunavyochimba kisima cha kunywa. Nasema hivi kwa uzito, kwa kuwa najua zabuni ikitangazwa atakuja mtu na rigi ileile. Rigi yetu hupuliza hewa ya kompresa yenye chembe za mafuta, na mara nyingi tunatia sabuni ya povu ili kuinua tope. Kwenye kisima cha kunywa si neno, utakisafisha baadaye kwa kukivuta siku nzima. Kwenye kisima cha uchunguzi unakuwa umeshaharibu kile ulichokuja kukitazama. Hapo wachimbe kikavu, polepole. Kesingi iwe ya PVC, ile yenye matundu ikae kwenye maji ya juu juu tu, izungushiwe changarawe iliyooshwa, halafu juu yake pazibwe kwa udongo wa bentonaiti, ule unaovimba ukilowa, na mdomoni zege na kifuniko chenye kufuli. Kuziba huko wengi hukuruka ili kumaliza mapema. Nimeshuhudia tundu lisilozibwa likigeuka bomba la kuteremsha maji machafu ya juu mpaka chini yaliko masafi. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeleta ugonjwa kwa sindano ya kuupimia.

Kabla ya kukinga, kisima kivutwe maji yaliyolala ndani yake, angalau mara tatu ya ujazo wake, hadi joto na uchachu vitulie. Maji ya kupima aseniki yachujwe palepale na yatiwe asidi kwenye chupa iliyoandaliwa na maabara. Yakikaa bila asidi, chuma hujishika ukutani mwa chupa ikiwa na aseniki yake, na maabara itapima maji yaliyobaki ikaona hayana kitu. Ile kromi kali nayo ina chupa yake, ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 24. Iringa ni mwendo wa saa moja na nusu, kwa hiyo kisingizio cha umbali hakipo. Na chupa moja yenye maji safi ya maabara iende na kurudi pamoja na nyingine, ifunguliwe shambani na kufungwa, ili ikikutwa na sumu tujue uchafu umetoka kwenye chupa au mikononi.

Yafanyike mara mbili: Aprili maji yakiwa juu, na Oktoba yakiwa yameshuka.

Najua swali la gharama litakuja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Mnaweza kumwagiza mwenye uwanja agharamie, ninyi mkiwa ndio mnaochagua mchimbaji na maabara. Asichague yeye. Kwa upande wetu kijiji kimekubali kutoa vibarua wa keekee bila malipo.

Kuna hofu kwamba tunataka kiwanda kifungwe. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi pale. Mshahara wake ndio unaosomesha wadogo zake wawili, na jioni anarudi na mikono ya kijani mpaka kwenye kucha, kwa sababu glavu alizopewa zilitoboka tangu Krismasi. Nataka aendelee kufanya kazi, akiwa na glavu nzima, chini ya paa, juu ya zege. Naye apimwe mkojo, pamoja na wenzake.

Wakati mashimo yanasubiriwa, kuna mambo ambayo hayahitaji maabara wala zabuni. Madumu yaache kuuzwa langoni leo. Vipande vya nguzo vilivyokatwa visitolewe kwa wananchi kama kuni: aseniki haiungui, nyingine hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, na majivu hayo mama zetu wanayanyunyizia mboga kufukuza wadudu. Afisa wa afya akilisema hilo kanisani Jumapili moja na msikitini Ijumaa moja, atakuwa ameokoa watu. Nimejaribu kulisema mimi, nikaambiwa, "Wewe umechimba maji, ya moto umejifunzia wapi?" Anayetakiwa kusikilizwa ni mwenye koti jeupe.

Majibu yakitoka, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, karatasi yenyewe kamili, ikiwa na namba na jina la maabara. Msitusomee muhtasari. Tunao vijana waliomaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi, watatusomea. Na kama yatasema aseniki haijazidi ile ya asili, nitasimama kwenye mkutano wa kijiji niwaombe radhi wenye uwanja kwa sauti, na siku hiyohiyo nitakunywa maji ya kisima cha bondeni mbele ya watu.

Nimeshatembea eneo lote na mwenyekiti wa kitongoji, tukaweka vigingi tisa vya mianzi vilivyopakwa chokaa. Viwili viko juu ya uwanja, kwenye ardhi safi. Vitatu viko kando ya uzio, vitatu vimefuata mfereji, kimoja kiko kwenye kinyungu cha yule mama wa dumu, hatua 12 kutoka kisima chake. Ramani niliyoichora kwa mkono ipo ofisi ya kijiji. Mvua zikianza Novemba chokaa itafutika na mahindi yatavifunika vigingi vya bondeni, kwa hiyo njooni kabla. Mkifika, ulizeni tu mchimba visima. Nitakuwa bondeni, na keekee ninayo.

Mchimba visima wa zamani na mkulima wa vinyungu,
Mufindi